Maswali yenu juu ya misitu na pariki: nani anashika muhuri?

Barua za wiki hii zimetoka Mwenga, Kalehe, Walikale, Goma, Kabare na hapa Bukavu mjini. Karibu zote zinazunguka jambo moja: msitu ni wa nani, na nani ana haki ya kuamua.

Hifadhi ya Itombwe ni ya serikali au ni ya jamii? (Mwenga)

Kwa sheria ni ya serikali, na ICCN, taasisi ya serikali ya Kongo ya kuhifadhi asili, ndiyo inayoisimamia. Lakini tusiishie hapo. Mwaka 2006 waziri alitia sahihi arete, yaani amri yake, ya kuunda hifadhi hiyo bila kukubaliana na wenyeji juu ya mipaka. Vijiji vizima vikajikuta ndani, pamoja na mashamba na makaburi ya wazee wao. Wenyeji walikataa, mashirika yakaingia kati, watu wakakaa vikao kijiji kwa kijiji wakitaja mto huu na mlima ule, hadi 2016 gavana wa Kivu Kusini alipotia sahihi mipaka mipya. Sasa kuna sehemu ya kulindwa kabisa na sehemu ambako watu wanaishi na kulima. Ilichukua miaka 10 kurekebisha karatasi moja. Wanaoniambia kwamba kuwauliza wanakijiji kunachelewesha kazi, wahesabu miaka hiyo kwanza.

Tunaweza kuomba msitu wa jamii ndani ya Pariki ya Kahuzi-Biega? (Kalehe)

Hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi, tafadhali someni kabla ya kuandika. Sheria ya misitu ya 2002 ina makundi matatu: misitu iliyotengwa, ile inayoitwa *proteje* (kwa Kifaransa, "iliyolindwa"), na ya uzalishaji wa kudumu. Pariki ni ya kundi la kwanza, msitu wa jamii unatoka kundi la pili. Neno *proteje* limewapoteza wengi wakidhani ni pariki, wakaacha kuomba msitu waliokuwa na haki nao.

Mwami wetu, chifu wa kimila, anasema yeye ndiye jamii, kwa hiyo sahihi yake inatosha. Ni kweli? (Walikale)

Si kweli, na ninawaomba mlisome jibu hili mbele ya watu. Dekreti, amri ya serikali, ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wa hadi hekta 50,000, bila kuulipia na bila kikomo cha miaka. Arete ya 2016 ikaweka vyombo vinne: mkutano wa jamii, kamati ya usimamizi, kamati ya ukaguzi na baraza la wazee. Wazee wanashauri na kusuluhisha magomvi. Anayeamua ni mkutano wa jamii, na humo wamo akina mama, vijana na Batwa, wenyeji wa kale wa misitu, kama wanaishi hapo.

Namheshimu mwami. Huku kwetu Bushi, nchi ya Bashi, tumekuwa na kalinzi tangu zamani, yaani ng'ombe anayelipwa mwami ili kupewa shamba, na aliyelipa ng'ombe yake alijua shamba litabaki kwa wanawe. Lakini nimeona faili la msitu ambamo jamii ilikuwa mwami, shemeji yake na mfanyabiashara mmoja wa mbao kutoka mjini. Mkiona kamati ya ukaguzi imejaa ndugu wa kamati ya usimamizi, simamisheni kazi mara moja.

Batwa walirudi Kahuzi-Biega 2018, miti ikakatwa. Si ushahidi kwamba jamii haiwezi kutunza? (Bukavu)

Swali hili linaniumiza. Pariki iliundwa 1970, ikapanuliwa 1975 hadi hekta 600,000. Batwa waliokuwa wakiishi humo walitolewa bila fidia wala ardhi nyingine, wakabaki vibarua kwenye mashamba ya wengine. Oktoba 2018 baadhi yao walirudi wenyewe. Kilichofuata ni damu: walikufa Batwa, walikufa walinzi wa pariki.

Miti ilikatwa, sikatai. Ila uliza pia makala, yaani mkaa wa miti ile, yalipikia chakula cha nani. Magunia yalishuka kuja mjini, tukanunua. Na hao waliorudi hawakupewa hati, wala kanuni, wala kamati, hata ahadi kwamba watakuwepo mwaka ujao. Huo haukuwa usimamizi wa jamii, kwa hiyo huwezi kusema umeshindwa. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kwamba serikali yetu ilivunja haki za Batwa hao, na kwamba warudishiwe ardhi na walipwe fidia. Hadi hilo litekelezwe, tusiwahukumu kwa mtihani ambao hawajapewa.

Kuna jamii iliyowahi kusimamia hifadhi? (Goma)

Ipo: Hifadhi ya Tayna, katika Lubero na Walikale. Wenyeji na machifu wao walianza wenyewe miaka ya 1990 ikielekea mwisho, na 2006 serikali ikaitambua kuwa hifadhi ya asili. Mkienda kujifunza kule, ulizeni kwanza nani analipa mishahara ya walinzi, maana mfadhili akishika mshahara anashika na uamuzi.

Walituita kwenye mkutano, wakatupa pesa ya usafiri, tukasaini. Tumekubali? (Kabare)

Mlisaini nini? Nilikaa kwenye mkutano kama huo. Karatasi ilipitishwa kutoka benchi hadi benchi, jina, kijiji, sahihi. Mama mmoja hakujua kuandika, akachovya kidole kwenye wino, akakifuta kwenye kitenge, akapokea pesa yake akaondoka kuwahi soko. Baadaye niliiona karatasi ileile imebanwa kwa pini nyuma ya taarifa iliyosema "jamii imeridhia". Kidole cha yule mama kilikuwa pale, chekundu.

Siku nyingine, kabla ya kusaini, andikeni juu ya karatasi kwa kalamu yenu: "Kuhudhuria tu." Pigeni picha kwa simu. Dai taarifa ya mkutano isomwe kwa Kiswahili au kwa Mashi kabla watu hawajatawanyika, na nakala ibaki kijijini, si kwa mtu mmoja. Kama tayari mlisaini bila hayo, andikeni barua ya kupinga wiki hii, mpeleke nakala kwa ICCN na kwa gavana, na kila mpokeaji agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu.