Battlestar Galactica ilipotua Tanzania: ushauri kwa anayeingia kwenye ubishi wa mwisho wake

Sehemu ya mwisho ya Battlestar Galactica ilirushwa Marekani tarehe 20 Machi 2009, na mpaka leo ukiitaja mbele ya wapenzi wa tamthilia za kisayansi, kikao kinagawanyika. Wapo wanaosema waandishi walishindwa kufumbua mafumbo yao wenyewe wakamsukumia Mungu kila kitu. Wapo waliolia. Mimi ni wa hao waliolia, ila kuna jambo katika mwisho ule ambalo silikubali, na ushauri wangu unaanzia hapo: usijilazimishe kutoa hukumu moja kwa mwisho mzima. Nitataja kila kinachotokea, kwa hiyo kama hujaitazama, amua kabla hujaendelea kusoma.

Hadithi ni ya binadamu waliobaki baada ya Cylon, roboti zilizowaasi waliozitengeneza, kuteketeza sayari zao 12. Kwa misimu minne wanakimbia angani wakiitafuta Dunia. Wanapoifikia, hawafiki hata 40,000, wanatua Afrika ya miaka 150,000 iliyopita, na dakika za mwisho zinaitaja nchi yenyewe: Tanzania. Mtoto Hera, mwenye mama Cylon wa wale wenye umbo la binadamu na baba binadamu, anakuwa bibi yetu sote tulio hai leo. Tamthilia ilipigwa picha Kanada, lakini mtu wa Mwanza aliyewahi kushika barabara ya Musoma, akapita Lamadi mpaka geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti, akiona zile nyasi na wanyama anajua walikuwa wanalenga wapi.

Niliitazama na shemeji yangu, muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi kwenye visiwa vya Ziwa Victoria. Lee Adama, mmoja wa viongozi wa hao waliookoka, anapendekeza waachane na teknolojia, watawanyike na nguo walizovaa na mahitaji machache, na meli zote zipelekwe zikaungue kwenye jua. Kwenye hadithi karibu hakuna anayepinga. Mimi nilikuwa nimeguswa na lile wazo la kuanza upya. Shemeji akaniuliza, "Na vifaa vya hospitali vimo humo humo?"

Nikamwambia inaonekana vimo.

"Basi shemeji, hao watazika watoto."

Akaanza kunieleza kuhusu degedege la malaria usiku, wakati boti ya kuvuka haipo. Akaeleza kichocho kwa watoto wanaooga na kuteka maji ziwani, na wajawazito wanaofika wakiwa wameshapoteza damu nyingi. Aliyeishi kando ya ziwa hili hawezi kuona dawa ikichomwa akaiita hekima. Tangu siku hiyo, kila anayetaka kutazama mwisho wenye ubishi namwambia atafute mtu ambaye kazi yake inagusa kile kinachoamuliwa kwenye hadithi. Shabiki mwenzako mtabishana mafumbo tu. Muuguzi, mvuvi au mwalimu atauliza swali ambalo waandishi hawakulijibu.

La pili linaniuma zaidi. Wageni wanawatazama wenyeji kwa darubini wakiwa mbali, na inasemwa kwamba hawana hata lugha. Wale ndio wazee wetu katika hadithi hii, na hawakupewa neno moja wala uso wa karibu.

Pamoja na hayo, siwezi kumwacha Laura Roslin. Rais huyu amebeba saratani tangu mwanzo, na William Adama, mkuu wa meli ya Galactica na baba yake Lee, anampandisha kwenye chombo kidogo waone makundi ya wanyama kutoka juu. Anafia kitini pembeni yake, naye Adama anavua pete yake na kumvisha. Ronald D. Moore, aliyeiongoza tamthilia, ameeleza kwamba alipokwama na njama ya mwisho aliandika ubaoni kujikumbusha kwamba kilicho muhimu ni wahusika. Ukiitazama hivyo, hata rubani Kara Thrace kutoweka katikati ya nyasi bila maelezo kunavumilika. Mimi napenda kutoweka huko. Lee amegeuka kidogo tu, na mwenzake hayupo.

Kama unatazama na watoto wa sekondari, usizime kabla ya kuongea nao kuhusu "Hawa wa mitokondria", jina ambalo dakika za mwisho zinampa Hera. Wazo hilo ni la kweli. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliofuata vinasaba vinavyorithiwa kwa mama, na ukaonyesha kwamba mistari yote inakutana kwa mwanamke mmoja aliyeishi Afrika takriban miaka 200,000 iliyopita. Lakini hakuwa mwanamke pekee wa wakati wake. Wengine nao wametuachia vinasaba, ni mstari wao wa mama kwa binti tu uliokatika njiani. Wala hakuna mifupa inayoweza kuchimbuliwa ikaitwa yake, kwa sababu anajulikana kwa hesabu iliyofanywa kutokana na miili ya watu walio hai.

Na kabla hujatoa neno lolote kuhusu mwisho, tazama ile filamu ya mwanzo ya 2003, ya saa tatu hivi. Katika sherehe ya kuistaafisha meli ya Galactica, Adama baba anaiacha hotuba aliyoiandaa na kuuliza kama binadamu wanastahili kuokoka. Mara nyingi filamu hiyo huwekwa kando na msimu wa kwanza, na wengi huiruka bila kujua. Unapoitafuta tamthilia, iulizie kwanza hiyo.