Re: Msimu wa sanaa Ngome Kongwe uanze lini?

Salaam ndugu. Umeuliza kama msimu wako wa mazungumzo, muziki na vichekesho pale Ngome Kongwe, Zanzibar, uanze Aprili. Mimi ningeusogeza hadi Juni. Ukumbi ule hauna paa, na masika hushika Machi hadi Mei. Mvua ikishuka ghafla, spika na nyaya ndizo huumia kwanza.

Kabla ya kubandika tangazo lolote, fuatilia kibali BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar.

Vichekesho usiviweke baada ya bendi. Nimeandaa shoo za namna hiyo: watu wakishasimama kucheza, hawakai tena kumsikiliza mtu mmoja na maikrofoni. Mazungumzo alasiri, mchekeshaji baada ya Isha, taarabu ndiyo ifunge. Na adhana ikianza, zima sauti kabisa, usipunguze tu.