Maswali na Majibu: Matembezi Mafupi ya Msituni, Jozani na Ngezi

Likizo za skuli zinakaribia, na wasomaji kadhaa wameuliza namna ya kupanga matembezi ya msituni yasiyochosha. Nimeyapokea maswali haya kwa furaha, maana misitu yetu, Jozani hapa Unguja na Ngezi kule Pemba, tumewaachia mno wageni. Wapo watu wazima hapa Unguja ambao hawajawahi kumuona kima punju, na mnyama huyu haishi porini popote duniani isipokuwa katika visiwa vyetu.

Nina watoto wawili wadogo, na mama mkwe wangu naye anataka kuja, ila magoti yanamsumbua. Tunatoka Mwanakwerekwe. Twende wapi? (Mama wa watoto wawili)

Nendeni Jozani, dada yangu. Kutoka mjini ni kama kilomita 35, na gari za abiria za Makunduchi na Jambiani zinapita pale pale mlangoni. Mwambie konda mapema akushusheni.

Safari ipangeni kwa magoti ya bibi, si kwa miguu ya watoto. Anzeni na kima punju, kwa sababu mara nyingi wanakula kwenye miti ya karibu na barabara, na bibi atawaona bila kwenda mbali. Kisha ingieni njia ya msitu mkubwa. Ni tambarare, ina kivuli kizito cha mitondoo na michikichi, na mnaweza kugeuza wakati wowote. Mwisho nendeni upande wa Pete, kwenye daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Hapo maji yakijaa watoto wataona samaki wadogo chini ya miguu yao, yakipwa wataona kaa na mizizi ilivyosimama kwenye tope. Mimi napenda yakiwa yamejaa, kwa hiyo kabla ya kuchagua siku muulizeni mvuvi yeyote kama ni bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), na maji yanajaa saa ngapi.

Bibi akichoka, acheni njia ya msituni kabisa mwende moja kwa moja kwenye mikoko. Fikeni asubuhi, saa mbili na nusu au saa tatu. Jua likishakuwa la utosi kima hupumzika juu kwenye majani, na watoto wataanza kulia njaa.

Watoto wangu wanataka kuwapelekea kima ndizi mbivu. Kuna ubaya? (Baba, Fuoni)

Upo, tena mkubwa. Tumbo la kima punju limeumbwa kwa majani machanga na matunda mabichi. Lina vyumba vyenye vijidudu vinavyochachusha majani, na sukari nyingi ya tunda bivu huliharibu. Hata sumu ya baadhi ya majani anayokula ana njia yake ya kuipunguza: kima wanaoishi kwenye mashamba ya pembeni mwa msitu hula mkaa, nao huonekana wakiuokota mahali palipochomwa kuni. Mtoto akimuona kima ameshika kipande cha mkaa, hatamsahau, na ndizi yake ataila mwenyewe kwenye gari.

Sababu ya pili ni maradhi. Mafua yetu yanaweza kuwapata. Mwenye kikohozi siku hiyo abaki nyumbani, na wengine msimame mita kadhaa mbali nao hata kama wao hawawaogopi. Na anayekwenda kwa gari yake apunguze mwendo akikaribia msitu. Kima wengi walikuwa wakigongwa barabarani pale, na vifo vilipungua baada ya kuwekwa matuta.

Kwa nini nilipe kiingilio na mtembezaji kuingia msitu wa kwetu? Ngezi naijua tangu utoto. (Kijana, Wete)

Swali lako ni la haki, mdogo wangu, na sitakujibu kwa kukwambia tu kwamba ndiyo sheria. Huko Jozani sehemu ya mapato hurudi kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu, kwa watu ambao mazao yao yanaliwa na kima na ambao wameambiwa wasikate kuni walizokata babu zao. Msitu hausimami ikiwa jirani yake hapati kitu. Kiingilio cha mwenyeji pia si sawa na cha mgeni, kwa hiyo jitambulishe.

Kuhusu mtembezaji, nakuomba ujaribu mara moja. Njia ya Ngezi wewe unaijua, sawa. Lakini je, unaweza kumuonesha mgeni wako mpapindi, mnazi mwitu wa Pemba peke yake, na kumtofautisha na mikindu? Ninga wa Pemba akilia, utajua yuko mti gani? Kisiwa chenu kina ndege wanne wasiopatikana penginepo, na mmoja ni bundi mdogo anayeanza kuita magharibi ikiingia. Ukitaka kumsikia, panga na walinzi mapema, maana usiku haingii mtu peke yake.

Nivae nini? Buibui litanizuia? (Msichana, Makunduchi)

Halizuii, ila lisiburure. Vaa fupi kidogo au dera juu ya suruali, na raba zenye soksi, si ndara. Soksi ni kwa ajili ya siafu na kupe, na mikono mirefu ni kwa ajili ya upupu.

Mwezi gani ni mzuri? (Msomaji, Chake Chake)

Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, kuna ubaridi na njia zimekauka. Januari na Februari pia kunafaa ukivumilia joto. Masika usiende Jozani: maji ya chini ya ardhi yako karibu sana pale, na njia hugeuka dimbwi.

Nataka kuwapeleka wanafunzi wangu Ngezi. Nyoka wapo? Niandae nini? (Mwalimu, Konde)

Wapo, mwalimu, na wakisikia miguu mingi huondoka. Kinachohitajika ni watoto wabaki kwenye njia, wasitie mikono kwenye mashimo wala chini ya magogo. Chukua kikundi kidogo, kila watoto kumi na mtu mzima mmoja, ahesabu wakiingia na ahesabu wakitoka. Saa moja na nusu ndani inatosha. Bebeni maji mengi kuliko mnavyodhani, na mkate wa kumimina au maandazi kwenye kikapu, mle mkishatoka. Mkitaka, malizieni Vumawimbi, ufukweni, kwa gari ile ile. Ila mruhusiwe na wazazi kwanza, maana mtoto akishaona bahari ile ataingia na viatu vyake.