Mtambo unalegea ukipata moto: kabla hujanunua pampu

SWALI: Nina ekskaveta ya Komatsu PC200-8, nachimba mawe Lugoba. Asubuhi inapiga kazi vizuri. Ikifika saa tano au sita mchana inakuwa nzito: bumu (mkono mkubwa) linapanda polepole, kuzunguka polepole, hata kutembea. Fundi amekaza vali ya presha mara mbili bila nafuu, na sasa oili ya haidroliki, ile inayosukuma bumu na ndoo, inapata moto kuliko zamani. Anasema pampu imekufa, nitafute ya mtumba. Ninunue?

JIBU: Usinunue, angalau si wiki hii. Na kabla ya lolote, hiyo vali irudishwe kwenye kipimo chake. Nasema kipimo, yaani geji ya presha imeunganishwa na oili ina joto la kazi. Akikwambia atairudisha kwa kuhesabu mizunguko ya spana, mwambie asiiguse.

Barua za namna hii napata nyingi, na karibu zote zina sentensi hiyohiyo: "fundi amepandisha presha." Vali ile haipandishi presha, inaweka kikomo tu. Presha inaletwa na mzigo. Bumu likipanda na ndoo tupu, presha iko chini sana ya kikomo na vali imefunga, haina kazi yoyote. Sasa kama bumu tupu linapanda polepole, kukaza vali iliyofunga kutasaidia nini? Ni sawa na mtu ambaye tangi lake la maji linajaa polepole, akaenda kurefusha bomba la kufurikia.

Mwendo unatokana na wingi wa oili, si presha. Chukua namba za mtambo wako mwenyewe. Pampu zake kuu kwa pamoja zinaweza kusukuma hadi lita 439 kwa dakika, na kikomo cha vali kuu huwekwa kwenye presha ya MPa 34.8, yaani bar 348. Ukitaka vyote viwili kwa wakati mmoja unahitaji kilowati 250 hivi. Injini yako ina 110. Ndiyo maana waliotengeneza mtambo waliweka udhibiti unaopunguza oili kadiri presha inavyopanda, ili injini isizimike. Kwa hiyo aliyekaza vali amekupa ndoo inayong'ang'ana kwenye jiwe kwa presha kubwa zaidi huku ikisogea taratibu zaidi. Na presha ikizidi, oili inayovuja ndani kwa ndani nayo inaongezeka, uvujaji huo unazaa joto, joto linaifanya oili kuwa nyepesi, nayo inavuja zaidi. Moto unaouona sasa huenda sehemu yake umetokana na ile spana.

Sasa tuje kwako. Kila kitu kimelegea, si bumu peke yake, kwa hiyo achana na sili za silinda na mota ya kuzungukia. Tatizo liko mahali panapohusu wote: injini, oili, pampu au udhibiti wake. Na linakuja na joto. Kichujio cha kufyonzea kingekuwa kimeziba, mateso yangekuwa makali alfajiri, oili ikiwa bado nzito, na pampu ingelia. Kwako ni kinyume.

Mtambo ukiwa umelegea, mwambie opereta apandishe bumu kwa gesi yote huku mtu akiangalia mizunguko ya injini. Ikizama sana, hamia kwenye filta ya dizeli, filta ya hewa na hozi za tabo (turbo), maana haidroliki inasingiziwa. Ikibaki imara na bumu bado linajikokota, basi ama pampu haifunguki inavyotakiwa, ama oili inatoroka njiani. Monita ya mtambo huu inaonyesha presha za pampu, joto la oili na mizunguko, fundi anayejua kuingia humo hana sababu ya kubahatisha.

Halafu kipozeo cha oili, yaani rejeta yake. Kwenye vumbi la mawe, kipozeo huziba katikati ya mapezi wakati uso wa mbele unaonekana safi. Kifungue, kioshe kutoka upande wa pili. Uliza pia ni oili gani imo ndani. Ya "dumu lililokuwepo" si jibu, na iliyochakaa au iliyochanganywa ikipata moto inakuwa nyepesi mno.

Vikiwa sawa vyote hivyo ndipo pampu ishukiwe, nayo ina kipimo chake: oili ya uvujaji inayotoka kwenye mwili wa pampu kurudi tangini. Inaelekezwa kwenye ndoo, inapimwa lita kwa dakika mtambo ukiwa na mzigo, inalinganishwa na kitabu cha mtambo. Asiuzibe mrija huo hata sekunde chache "kujaribu", sili ya shafti itaruka. Afungue na filta ya oili ya haidroliki, aikate. Chenga za shaba au chuma zinasema pampu inajila.

Na hata ikithibitika, pampu ya mtumba isifungwe juu ya oili ileile. Chenga za pampu ya kwanza zimeshasambaa tangini, kwenye kipozeo na kwenye vali. Zitaila ya pili vilevile, kisha mwenye mali analalamikia duka. Wanaouza pampu bila kuuliza kipimo wanajua hivyo vizuri sana.

Jambo la mwisho linawahusu wote wenye mitambo iliyokazwa vali. Hozi zilizozeeka hazikutengenezewa presha hiyo ya ziada. Tundu dogo kama la sindano likitoboka, usipapase hozi kwa kidole kutafuta linapovuja, hata ukiwa na glavu. Zima injini, toa presha, na kama ni lazima kutafuta tumia kipande cha boksi. Oili ikipenya ngozi, kidonda kinaonekana kama kuchomwa na mwiba na mtu anarudi kazini. Asirudi. Aende hospitali saa hiyohiyo, na amwambie daktari kabla ya kitu kingine kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa presha, kwa sababu kinachohitajika mara nyingi ni upasuaji wa haraka na akichelewa anaweza kupoteza kidole au mkono.