Tangazo la friji linanifuata

SWALI: Shikamoo mama. Wiki iliyopita niliangalia bei ya friji kwenye tovuti ya duka moja. Tangu hapo tangazo la friji hiyohiyo linanitokea hata nikisoma mapishi. Kuna mtu ameingia kwenye simu yangu? Na lile dirisha la “Tunatumia vidakuzi” mimi hubonyeza “Kubali zote” nisome haraka. Nimekosea? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Simu yako haijaingiliwa, ondoa hofu.

Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti hukikabidhi kivinjari chako, yaani programu unayofungulia tovuti, kiyatunze. Ukirudi, kivinjari huyaonyesha. Ni kama kijikaratasi cha namba anachokupa fundi cherehani: vipimo vyako viko kwenye daftari lake. Lou Montulli wa kampuni ya vivinjari ya Netscape alibuni vidakuzi mwaka 1994, na bila hivyo ungeandika nenosiri kila ukurasa.

Nilipokuwa na saiba, duka la kukodi kompyuta zenye intaneti, hapa Mombasa, dada mmoja alifunga ukurasa wa barua pepe akaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Mteja aliyemfuata alifungua ukurasa uleule, akakuta barua zake wazi, ya juu kabisa ikiwa ya majibu ya hospitali. Kidakuzi kilikuwa bado kinamtambulisha. Tangu siku ile nilifuta vidakuzi kila mteja alipoinuka kitini.

Sasa friji yako. Ukurasa wa duka ulibeba pia kipande cha kampuni ya matangazo, nayo ikakupa namba yake ndani ya kidakuzi. Ukurasa wa mapishi una kipande cha kampuni hiyohiyo. Ikaiona namba, ikakujua.

Ndiyo maana ridhaa yako inaombwa. Madirisha hayo yameenea kwa sababu ya sheria za Ulaya, hasa ile ya kulinda data iliyoanza kutumika Mei 2018. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku ulichokikuta kimeshawekwa tiki hakihesabiki kuwa ridhaa. Januari 2022 Ufaransa ilitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook: kukubali kulikuwa mbonyezo mmoja, kukataa mizunguko. Mimi naona walistahili. Mtu aliyebonyeza kwa kuchoka hajaridhia, na aliyekuficha kitufe cha kukataa ndiye mwenye kosa, si wewe. Nanyi Tanzania mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kazi Mei 2023.

Leo jioni ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya faragha, uzuie vidakuzi vya washirika wengine. Hivyo ndivyo vya matangazo. Tovuti nyingi zitaendelea kufanya kazi vizuri. Halafu futa vilivyokwisha kuwekwa. Lakini hakikisha kwanza unazikumbuka nenosiri zako, maana utatolewa kwenye akaunti zote ulizofungua humo. Na dirisha likitokea tena, shuka hadi chini utafute “Kataa zote”. Mara nyingi huandikwa kwa herufi hafifu, pembeni.