Uliza Mchora Ramani: Mbona madirisha ya juu ni madogo?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu anasoma London, kapanga chumba Bloomsbury kwenye moja ya nyumba mbili za kale zilizoshikana, za enzi ya wafalme walioitwa George. Kanitumia picha. Mbona madirisha yanapungua kimo kadiri unavyopanda? Moja limezibwa kwa matofali. Juu ya mlango kuna uso wa mtu, ni nani? Na kwa nini mwenye nyumba haweki alumini wakati mtoto anateseka na baridi?
Mama Neema, Upanga

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Enzi hiyo ni 1714 hadi 1830, George wa Kwanza mpaka wa Nne. Pale Boma la Kale hapa Dar, la Sultani Majid, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Kule London kimo cha dirisha kiliamuliwa na cheo. Ghorofa ya kwanza ilikuwa na sebule ya wageni, ndiyo maana madirisha yake ni marefu. Juu yake walilala wenye nyumba. Chini ya paa walilala watumishi, wakapewa vidirisha. Jiko lilikuwa chini ya usawa wa barabara. Ukisimama ng'ambo unajua nani alikaa wapi.

Hilo lililozibwa, watu watamwambia ni kodi. Kweli kodi ya madirisha ilikuwepo, 1696 hadi 1851, na wapo walioziba kuikwepa. Lakini mengi yalijengwa hivyo tangu mwanzo: ndani pana dohani, na nje mjenzi hakutaka pengo kwenye mstari. Mimi wateja wangu hapa Dar nawabembeleza mpaka leo wapange madirisha kwa mstari.

Huyo wa mlangoni si mtu maalumu, na huenda wala si jiwe. Kiwanda cha Eleanor Coade cha Lambeth, kuanzia 1769, kilitoa nyuso kama hizo kwa kalibu, kwa udongo wa kuchoma usioogopa mvua. Kijana azunguke Bedford Square, atakutana na ndugu za uso huo.

Alumini asahau. Nyumba nyingi za namna hiyo zimo kwenye orodha ya urithi, na kung'oa dirisha bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Nami nafurahi, maana dirisha lenyewe ni kazi ya fundi hasa: vioo vinapanda na kushuka kwa kamba iliyopita kwenye kapi, na ndani ya kisanduku cha fremu unaning'inia uzito wa chuma au risasi unaolingana na dirisha. Unaliinua, linabaki pale pale. Sheria ya London ya 1774 ililazimisha visanduku hivyo vifichwe nyuma ya matofali, moto usipate pa kushika.

Kuhusu baridi, atazame kingo za dirisha kwa ndani. Mara nyingi pana mbao zilizokunjwa ukutani, zimegandishwa na rangi. Amwombe mwenye nyumba fundi azigandue, kijana azifunge usiku, kisha ashushe pazia zito.