Mjukuu wangu si mvivu

Wete, Pemba

Mwanangu Salma,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Umenieleza kwamba Othman, aliyetimiza miaka saba na yuko darasa la pili, bado anachanganya b na d, na neno alilolisoma vizuri leo kesho linamshinda. Kwamba usiku hathubutu kwenda chooni peke yake na asubuhi godoro huwa limeroa. Na kwamba mwalimu wake amekwambia mtoto ni mvivu, ilhali shangazi yake anashauri apelekwe kwa mganga. Ukamaliza kwa kuniuliza: "Mama, nimchape, nimtibu, au nimwache akue?"

Nianze na huo uvivu, kwani ndio ulionichoma. Nimesomesha darasa la kwanza na la pili kwa miaka ishirini na minane, na wavivu wa kweli niliokutana nao hawajazi vidole vya mkono mmoja. Mvivu hukwepa kila kazi. Othman alipokuwa kwangu msimu wa karafuu uliopita, alikaa jamvini kutwa akichambua karafuu na makonyo kwa vidole vyepesi kuliko vyangu, na tulipopima alinitangulia kusema kwamba pishi tano ni vibaba ishirini. Mtoto huyo akifunguliwa kitabu akaanza kutoka jasho, tatizo liko kwenye maandishi, haliko kwenye bidii yake.

Unayonieleza yanafanana sana na hali ambayo wataalamu huiita disleksia, ingawa kuithibitisha ni kazi ya aliyesomea kuipima. Ni tofauti katika namna ubongo unavyounganisha sauti za maneno na alama zake; haipunguzi akili, na mara nyingi hupita katika ukoo. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka kumi na minne aliyeitwa Percy, hodari wa hesabu, ambaye jina lake mwenyewe aliliandika "Precy" bila kuliona kosa. Mwalimu wake alisema kwamba lau masomo yote yangekuwa ya kusikiliza, kijana huyo angewashinda wenzake skuli nzima. Niliposoma habari hiyo nikiwa masomoni niliwakumbuka watoto wangapi niliowaandikia "aongeze juhudi", na moyo uliniuma.

Kiswahili kina huruma kwa watoto wa namna hii, kwa kuwa neno letu hutamkwa kama lilivyoandikwa. Lakini huruma hiyo ndiyo inayowaficha, maana mtoto hatimaye hulipata neno, ila kwa kuchelewa na kwa kuchoka, na anayemtazama humdhania kuwa hataki tu. Kiingereza, ambacho sauti moja huandikwa kwa njia nyingi, kitamlemea zaidi, basi usishtuke wakati huo ukifika. Chuoni anakosoma Kurani nako utaona vivyo hivyo: herufi be, te na the zina umbo moja na hutofautiana kwa nukta tu, naye huenda akazichanganya, lakini sura anazozisikia kwa maalim anazihifadhi upesi. Zungumza na maalim wake kwa adabu, umuombe amsikilizishe kwanza, kisha ndipo amuoneshe herufi.

Nyumbani, kaa naye robo saa kila siku, isizidi, na iwe alasiri kabla hajachoka. Anzeni na masikio bila kitabu: muulize "kuku" na "kuni" zinaanza na sauti gani, na mpige makofi pamoja, kofi moja kwa kila silabi. Kisha herufi moja tu, aichore kwa kidole mchangani huku akiitamka, mkono na mdomo vifanye kazi pamoja. Usimfundishe b na d katika wiki moja. B ikae mpaka aitambue hata akiwa na usingizi, ndipo d iingie. Ukimsomea hadithi usimgeuzie kitabu ghafla ukamwambia "haya, soma wewe", kwani raha yote itageuka mtihani. Na mwalimu wake muombe amuulize majibu kwa mdomo na asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake. Lakini kabla ya yote hayo mpeleke hospitali apimwe macho na masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri hawezi kutenganisha sauti, na tutakuwa tumemtungia ugonjwa usiokuwa wake.

Kuhusu woga wa giza, ninakuomba ukumbuke mwaka 1995, habari za Popobawa, shetani aliyesemekana kuwavamia watu usiku, zilipotanda Pemba nzima kisha zikavuka hadi Unguja. Ulikuwa na miaka sita. Watu wazima tulilala nje kwa makundi, tumewasha moto, tunasomeana dua, na wewe ulikuwa mapajani mwangu ukinitazama usoni. Habari zile zilipokwisha sisi tuliziacha, lakini wewe miezi mingi baadaye hukukubali kutoka mlangoni baada ya magharibi. Mtoto huusoma uso wa mzazi kabla hajajua kusoma kitu chengine. Basi usimcheke Othman, na wala usimwambie kwamba hakuna cha kuogopa. Mwambie unajua anaogopa, ufuatane naye. Wiki ya kwanza msindikize mpaka chooni, ya pili simama ukumbini, ya tatu mwite kwa sauti ukiwa kitandani. Taa ndogo iwake ukumbini usiku kucha. Na shangazi yake, kwa heshima zote, aache kumtisha kwa mashetani ili anyamaze.

Kukojoa kitandani kwa umri wake si ajabu, maana katika kila watoto ishirini wa miaka saba, mmoja au wawili hukojoa bado, na wengi huacha wenyewe. Hafanyi kusudi, kwa kuwa amelala. Muulize mumeo kama naye alikuwa hivyo utotoni, kwani hili nalo hurithiwa. Mpe maji ya kutosha mchana, upunguze jioni, aende haja kabla ya kulala, na uangalie kama anafunga choo, maana hilo huzidisha. Lakini kama alikuwa amekauka miezi sita au zaidi kisha ameanza upya, au ana kiu isiyokwisha, au anaumwa akikojoa, usingoje: mpeleke akapimwe mkojo na sukari.

Kaka yako nilimkosea katika hili. Godoro lake nililianika uwanjani mbele ya watoto wa jirani, nikidhani aibu itamwamsha usiku. Haikumwamsha. Mpaka alipokuwa kijana mkubwa hakukubali kulala kwa ndugu, hata siku za harusi, na nilimuomba radhi alipokwisha kuoa. Kwa hivyo fimbo, Salma, iweke mbali, na kwa mganga usimpeleke.

Skuli zikifungwa mlete kwangu. Mchanga wa kuandikia upo, na jamvi lake nimeliweka. Ukishatoka hospitali nipigie unieleze wamesema nini kuhusu masikio, ili nijue tuanze na sauti zipi.

Mama yako